Kaa hamali na barua zenu

Katika toleo lililopita habari yangu ya pweza ilikatwa, ikabaki nafasi ya vidole vitatu chini ya ukurasa. Nikaijaza kwa mistari sita juu ya kaa wa kilindini wa bahari za Ulaya anayetembea na mzigo mgongoni. Nikamwita mchukuzi, nikasema mzigo ule ni wa kujificha na kujikinga na maadui. Mistari sita tu. Barua na ujumbe wa simu uliokuja umezidi hata ule wa mwaka jana nilipoandika kuhusu nguva. Basi pweza asubiri tena.

Kwa wageni wa safu hii: jina la Babu Chupa nilipewa na wanafunzi. Kwa miaka 27 kazi yangu ilikuwa kutunza viumbe wa baharini kwenye chupa za spiriti, kuongeza spiriti ikipungua, kuandika upya lebo zilizofifia. Sikuwa profesa. Nilikuwa yule ambaye profesa humwita akisahau kitu kiko rafu gani.

Shikamoo Babu Chupa. Kijana wangu kanionyesha kwenye simu kaa anatembea chini ya bahari, kabeba kitu juu yake kama mwavuli. Mimi nimevua miaka 31, mshipi na jarife, sijamwona. Nikamwambia hizo ni picha za kutengeneza na kompyuta. Tukabishana mpaka mama yake akatutoa sebuleni. Nani mkweli?
*Mvuvi, Kigombe, Tanga*

Marahaba, mzee mwenzangu. Kijana kashinda, ila usimpe kiti chako. Hujamwona kwa sababu hamkai mtaa mmoja.

Huyo ni kaa wa familia iitwayo Homolidae, na wengi wao wanaishi kwenye kina cha mamia ya mita. Tuseme mita 300. Kwa hesabu yenu hiyo ni pima 164. Ukitaka kumtegea mshipi huko, nusu ya asubuhi itakwisha unauteremsha na nusu nyingine unaupandisha. Kule mwanga wa jua umebaki kama alama tu, na maji yanakandamiza kila sentimita moja ya mraba ya mwili kwa uzito wa kilo 30 hivi. Najua jarife za Tanga zinafika pabaya, maana ndizo zilizomtoa mafichoni silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, watu wakaja kutoka kila pembe kumtazama. Lakini hata jarife likimnasa kaa huyu, hutamwona na mwavuli wake, na sababu yake nitaieleza kwenye barua ya mwisho.

Video kama ile hupigwa na chombo kisicho na mtu, kinachoteremshwa kutoka melini kwa kebo kikiwa na taa na kamera. Sijui kijana alikuonyesha ipi kati ya hizo, lakini anayejulikana zaidi ni Paromola cuvieri, wa Mediterania na Atlantiki ya mashariki. Antoine Risso, mfamasia wa mji wa Nice, alimweleza mwaka 1816. Gamba lake linaweza kukaribia sentimita 20, na miguu ikinyooshwa inapita mita moja kutoka ncha hadi ncha. Anatembea kwa miguu sita myembamba kama fito. Magando yako mbele. Halafu tazama juu ya mgongo: kuna miguu miwili mifupi iliyogeukia angani, kila mmoja una ncha inayojikunja kama kidole cha shahada kikikutana na gumba. Hapo ndipo amebana sifongo, au tawi la tumbawe, na linayumba juu yake anavyokwenda.

Mama yake muombeni radhi wote wawili.

Babu, kitabu kinasema kaa ana miguu kumi ukihesabu na magando. Huyu wa kwenye picha nimemhesabu mara nne napata minane. Mwalimu kasema nimekosea kuhesabu.
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mtwara*

Hukukosea, mjukuu wangu, na mwalimu hakukosea. Miwili iliyobaki iko mgongoni, na ikiwa mzigo ni mkubwa haionekani.

Fanya hivi. Jumamosi nenda sokoni, umwombe muuza samaki akuonyeshe kaa koko aliyekwisha kufungwa kamba. Nimesema aliyefungwa, nisije nikalaumiwa na wazazi wako. Hesabu kuanzia gando kwenda nyuma. Mguu wa pili, wa tatu na wa nne una ncha kali, wa kukanyagia. Ukifika wa tano, wa mwisho kabisa, utakuta umekuwa bapa na mpana. Hiyo ni kasia. Kwa mguu ule kaa koko anaogelea. Sasa mkamate duvi, yule anayekaa ndani ya kome. Kwake miguu ya nyuma imekuwa midogo, na anaitumia kujishikilia ndani ya nyumba yake, ndiyo maana ukimvuta anakatika kabla ya kutoka. Kwa hiyo mguu wa mwisho wa kaa ni wa kutazamwa sana. Mmoja kaufanya kasia, mwingine kaufanya kitasa cha mlango, na hawa wa kilindini wameufanya mkono wa kubebea.

Hili mimi nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa ndoo ya kaa kutoka safari moja ya meli. Mmoja alikuwa na miguu miwili ya nyuma imekunjwa juu ya mgongo, nikamwona kama mzee anayetembea uani mikono nyuma. Nikadhani ni kilema, au amebanwa vibaya wavuni. Chupa iliyokuwepo ilikuwa na mdomo mwembamba. Kichwa kikapita, gamba likapita, miguu ile ikakwama. Nikasukuma kwa kidole gumba. Tak! Ukakatika mmoja, na nilipojaribu kumtoa nimpange upya, tak, wa pili. Nikaitumbukiza yote humo humo ikazama chini ya chupa, nikafunga kifuniko.

Mtafiti mwenyewe alipokuja akaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Akatafuta mgongoni, akatazama chini ya chupa, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Umenihifadhia kaa wote isipokuwa kaa." Nikaona nimalize kukiri kabisa, nikamwonyesha mistari miwili inayopita kwenye gamba, mmoja kila upande, toka mbele hadi nyuma, nikasema na huko pia nilimpasua. Hapo akacheka. Mistari ile si ufa. Ndiyo alama ya familia hii, wataalamu wanaiita linea homolica, na ni kama mshono wa kanzu: kaa anapojivua gamba la zamani, gamba huachia kwenye mshono huo.

Mwonyeshe mwalimu wako ukurasa huu, kwa adabu.

Babu Chupa, mbona unatuletea mgeni wa Ulaya kama kwamba sisi hatuna? Huku kwenye mashamba yetu ya mwani, maji yakitoka bamvua, tunamkuta kaa mwenye manyoya kavaa sifongo kama kofia. Si ndiye huyo huyo? Na kwa nini uliandika "mchukuzi" wakati sisi tunasema hamali?
*Mkulima wa mwani, Paje*

Dada yangu, kwa neno nimekubali kushindwa. Mchukuzi anaweza kuwa hata gari la mizigo. Hamali ni mtu mwenye mgongo. Kuanzia leo kwenye safu hii ni kaa hamali.

Lakini wa kwenu si huyu, ingawa ni jamaa wa karibu. Yule wa kofia ni wa familia ya Dromiidae. Yeye ni fundi cherehani. Anakata kipande cha sifongo kwa magando, anakipunguza mpaka kimtoshe, kisha anakivaa kikalale juu ya gamba, amekishika kwa jozi mbili za miguu ya nyuma. Mara nyingi sifongo inaendelea kuishi na kukua. Ukimkuta ametulia hujui kama ni kaa mpaka umkanyage.

Hamali wa kilindini hakati nguo. Anatumia jozi moja tu, ile ya mwisho, na mzigo haumkai mwilini kama kofia. Unabaki mzigo: unaning'inia, unapanda, unashuka. Mara nyingine ni mkubwa kumshinda. Mwingine unayeweza kumwona huko kwenye mchanga na matope ni kaa wa jamaa ya Dorippidae, anayebeba gamba la kombe, jani, hata yule mnyama wa miiba mirefu myeusi anayewachoma wapiga mbizi. Huyo naye anatumia jozi mbili. Halafu kuna wale wanaojibandika vipande vya mwani na takataka kwenye vinywele vilivyopinda kama ndoana. Hao ndio wanaojipamba kweli, kwa sababu wakishabandika wanaendelea na shughuli zao bila kushika chochote.

Nasisitiza tofauti hii kwa kuwa nimechoka kusikia kila kaa mwenye kitu mgongoni akiitwa "kaa mrembo". Hamali hajipambi, yuko kazini, na mikono yake haipumziki mpaka atue mzigo.

Unasema kule ni giza. Sasa anajificha kwa nani? Nani atamwona? Mimi naona hiyo habari ya kujikinga ni ya kubuni.
*Fundi wa majokofu, Mombasa*

Hili ndilo swali nililokuwa nalingojea, na bahati mbaya kwako, fundi, nina nafasi ya kutosha.

Kwanza giza la mita 300 si giza la kaburini. Kwenye maji maangavu mwanga mdogo wa buluu unashuka hadi kina kirefu, na samaki wa huko wana macho yaliyozoea kubahatisha kivuli. Pili, adui wa kaa hategemei macho peke yake. Anasikia harufu, anahisi maji yakitikisika, anagusa kwa mdomo. Kwa hiyo mimi naungana nawe nusu: neno "kujificha" halitoshi. Mimi ningeuita mzigo ule ngao.

Chukua kipande cha sifongo ya baharini, si ile ya dukani ya kuoshea vyombo, ukiminye mkononi. Utatoka na vijiba vidogo kama vya katani. Aina nyingi zimejaa vijisindano vya madini yale yale ya kioo, na nyingi zina kemikali chungu. Samaki anayekuja kwa pupa anafumba mdomo kwenye kitu kama hicho badala ya kwenye mgongo wa kaa. Tumbawe nalo, hata lile laini la maji baridi, lina seli zinazochoma, ndugu za zile za kiwavi wa baharini anayekuunguza miguu ufukweni.

Na si mambo ya kubuni. Mwaka 1985 Mary Wicksten, mtaalamu wa kaa wa Marekani, alichapisha makala juu ya tabia hii ya kubeba katika familia nzima ya Homolidae. Mwaka 2012 wakatoka watafiti wa visiwa vya Azores, vya Ureno, na habari za Paromola waliopigwa video kule kule wanakoishi. Kaa walikuwa wamebeba sifongo na matumbawe ya maji baridi, na viumbe hivyo vilikuwa hai. Neno hilo "hai" lina uzito kwangu. Sifongo iliyokufa inabaki gunia tupu, lakini iliyo hai bado inatengeneza uchungu wake. Hamali anabeba silaha iliyojaa risasi.

Mimi binafsi kinachonishangaza zaidi ni gharama. Fikiria una miguu minane ya kutembea, halafu unasema miwili isikanyage chini tena maisha yako yote. Kaa wa ufukweni akiona hatari anachimba, au anaingia kwenye upenyo wa jiwe. Kule chini sehemu kubwa ni tope tambarare, nenda rudi, hakuna jiwe. Na mwenye miguu mirefu kiasi kile angeingia shimo gani? Ukoo huu umeishi hivyo muda mrefu. Visukuku vyao vipo tangu zama za dinosaria.

Kwenye jokofu lako, fundi, ukikuta waya umefungwa mahali usipopaelewa, hutaukata mpaka ujue unakwenda wapi. Nami ndivyo ninavyoitazama miguu ile.

Je, upande wetu wa Bahari ya Hindi wapo, au ni wa Ulaya tu kama alivyouliza yule dada?
*Nahodha mstaafu, Dar es Salaam*

Yule dada sikumjibu hilo, kweli. Wapo. Mwaka 1898 na 1899 meli ya Ujerumani iitwayo Valdivia ilizunguka bahari kuu kuchunguza viumbe wa kilindini, chini ya Carl Chun, na ikapita pwani hii ya Afrika Mashariki. Mwaka 1904 Franz Doflein akaeleza kaa waliopatikana. Mmoja wao ni hamali wa upande wetu, Homolochunia valdiviae. Lisome jina polepole utaona humo ndani kuna Chun mwenyewe na meli yake. Majina ya kisayansi ndivyo yalivyo, anayepiga picha ya familia hasahau kujiweka katikati.

Kwa hiyo, nahodha, ulipokuwa ukipita nje na shehena yako, inawezekana chini ya chombo kulikuwa na mwingine na yake.

Analiwa?
*Bila jina, kwa ujumbe wa simu*

Nilijua utakuja. Kuna kaa wa kina kirefu wanaovuliwa kwa biashara, lakini ni wa familia nyingine: Namibia wanamtega kwa madema kaa mwekundu aitwaye Chaceon maritae. Huyo ana mwili ulioshiba. Hamali ni miguu na mzigo tu, na meli zinazomnasa zinakuwa zimetoka kutafuta kitu kingine.

Ila kwa kuwa umeuliza kuhusu kula, niseme jambo la mwambani kwetu. Yuko kaa wa miamba, gamba lina matuta matuta, rangi ya maziwa yenye mabaka mekundu ya hudhurungi, ncha za magando nyeusi. Jina lake ni Zosimus aeneus. Ana sumu inayoua mtu, na kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, wala ndimu haiiondoi. Kaa usiyemjua mwache kwenye jiwe lake.

Kwa nini kaa wa kilindini huwa wekundu kama wamekwisha pikwa? Wanataka kuonekana?
*Mama wa watoto watatu, Bagamoyo*

Kinyume chake, mama. Maji hula mwanga mwekundu kwanza, kabla ya rangi nyingine. Ukishuka vya kutosha hakuna wekundu wa kurudisha, kwa hiyo kaa mwekundu pale chini ni mweusi tii. Tunamwona mwekundu kwa kuwa tumekwenda na taa.

Babu Chupa shikamoo. Nina miaka tisa. Kaa hamali akichoka anafanyaje? Na anaweza kubadilisha mzigo?
*Mjukuu wako wa Pangani*

Marahaba mjukuu wangu. Anauachia. Mzigo wake hakuubandika kwa gundi wala hakuufunga kamba, ameushika tu. Akifungua vile vidole viwili vya nyuma, umeanguka, na akitaka mwingine anaokota.

Na hapa ndipo ninapomjibu yule babu wa Kigombe. Wavu ukimzoa kaa, akaviringishwa na matope na samaki, anauachia mzigo. Anafika juu mikono mitupu. Watu wakamtia kwenye chupa, wakamchora, wakampa jina refu, huku wanaitazama ile miguu miwili mgongoni na mzigo wenyewe umebaki kilindini. Ilibidi mtu ashuke, au kamera ishuke, imkute njiani anakwenda zake.

Ukitaka kujua kazi yake ilivyo, chukua mto wa kulalia. Peleka mikono yako nyuma, ubane mto kwa kidole cha shahada na gumba tu, kila mkono, uuinue mpaka upite mabega. Sasa tembea toka chumbani mpaka uani bila kuuangusha, na dada yako aje nyuma akijifanya papa anaung'ata. Usipite jikoni. Ukipita jikoni na mto ukaanguka kwenye chungu, usiseme ni Babu Chupa aliyekutuma.